Maji ya Kariuki Kwenye Buti

Haya, kaeni niwaambie wote kwa pamoja, maana nimechoka kueleza kwa simu kipande kwa kipande. Ndiyo, niliondoka asubuhi nikafika jua likielekea kuzama, na Limuru si mbali. Ndiyo, niliendesha mwenyewe. Na wewe Mama Njeri uliyesema nimepagawa kulitoa gari lile nje, ngoja ufike mwisho ndipo uhukumu.

Mnalikumbuka gari la marehemu mume wangu. Lile la buluu lenye pua juu ya boneti, linalonguruma hata watoto wa fleti wakalipa jina la Simba. Tangu tumzike Kariuki lilikaa chini kwenye maegesho, limefunikwa turubai, nami nikawa napanda teksi kama mgeni mjini. Sikuliuza, sikuliendesha. Nililipita asubuhi na jioni nikijifanya silioni.

Kisha Maitu akapiga simu. Ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu. Macho yake yamefifia, siku hizi anawatambua watu kwa sauti. Binti yake alikuwa anakuja baada ya siku mbili kumchukua ahamie kwake Nakuru, na nyumba ya Limuru ifungwe. Nikamuuliza, Maitu, nikuletee nini? Nilidhani atasema mkate au blanketi.

"Niletee gari ya mwanangu," akasema. "Nataka kuisikia ikipanda mlima mara moja kabla sijatoka hapa. Ukija na gari za watu, sijui ni wewe mpaka ubishe mlango."

Ningesema nini? Nikamwambia nitakuja nalo. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukaa upande wa usukani wa gari lile.

Kilimani, chini kwenye maegesho

Askari wetu wa fleti alinisaidia kukunja turubai. Vumbi lilimpaka hadi kope. Betri mpya fundi wa mtaani alikuwa ameshaleta jana yake, kwa hiyo gari liliwaka, na ule mngurumo ulipogonga kuta nilizima haraka kama mtu aliyeshikwa akiiba. Nikatoka, nikaenda kufungua buti kwanza.

Ndani ya buti, pembeni, kuna tangi la plastiki la maji. Si maji ya kuosha kioo. Yanapita kwenye mpira mpaka mbele, chini ya ile pua ya boneti, yakanyunyizie kitu kinachopoza hewa ya injini. Kuna swichi ya kuyaita. Kariuki alisema dereva hapaswi kupapasapapasa vitu akiwa mlimani, basi akaamuru swichi iwekwe upande wangu, kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Tukikaribia mlima alipaza sauti kama mteja wa hoteli: "Maji!" Nami nabonyeza, pampu inalia mlio mwembamba nyuma ya viti, namjibu kama mhudumu: "Yanakuja!" Madirisha yakiwa wazi watu wa barabarani walitutazama. Wacha watazame. Nani asiyependa kuitwa?

Tena hakutia maji ya bomba letu. Nyinyi mnaokaa Kilimani mnajua haya maji ya kisima, yanavyoacha ile chumvi nyeupe kwenye birika. Sasa fikirini chumvi hiyo kwenye vitundu vyembamba vya kunyunyizia, ikiganda, imeziba. Kwa hiyo kila Jumapili alichota ya mvua kwenye tangi la mama yake, akajaza, akafunga, akapangusa kifuniko kwa leso.

Nikafungua kifuniko, nikachungulia kwa tochi ya simu. Yalikuwa chini ya nusu.

Hapo nikaketi kwenye ukingo wa buti. Maji yale aliyachota yeye. Nguo zake niligawa, viatu vilikwenda, hata mswaki niliutupa siku moja nikiwa na hasira naye kwa kufa. Haya yalibaki kwa sababu hakuna aliyeyakumbuka.

"Mama Wangui, uko sawa?" askari akaniuliza.

"Niko sawa. Fungua geti."

Sikuwa sawa, lakini geti lilifunguka.

Mjini, kwa Mzee Harjit

Ilinibidi nishuke mjini kwanza, kwa Mzee Harjit, yule fundi Kalasinga mwenye gereji nyuma ya Barabara ya Kirinyaga. Ndiye aliyelihudumia gari hilo tangu lifike nchini, na nilitaka aniambie kama pampu ya maji bado ina uhai. Watoto wake wako ng'ambo wote. Amebaki na kilemba chake, spana zake, na redio inayokwaruza.

Aliposikia mngurumo alitoka nje akitabasamu, akaangalia kiti cha dereva, tabasamu likaisha.

"Karibu, mama. Kunywa chai kwanza. Gari haikimbii."

Chai yake ina tangawizi ya kumtoa mtu machozi, ikaja na bhajia za moto kwenye karatasi. Nilikula nimesimama huku yeye amefungua boneti. Nikamwambia kweli tupu: nimebonyeza swichi ile miaka mingi, na sijui hasa nilikuwa nabonyeza nini.

Akacheka. "Kariuki hakukuambia?"

"Aliniambia. Nilikuwa naangalia mashamba."

"Basi sikiza. Turbo kazi yake ni kuingiza hewa kwa injini kwa nguvu. Sasa hewa ukiiminya, inashika moto. Umewahi kutumia pampu ya baisikeli? Mkono unaungua, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hewa ya moto imekonda. Injini inapata pumzi kidogo, na kompyuta ikiona joto limezidi inapunguza nguvu isivunje kitu. Gari inakuwa kama mtu ameamka na homa. Ndiyo sababu kuna hii." Akagonga kisanduku kipana cha mapezi membamba ya alumini, kile mafundi wanakiita intakula. "Hewa ya turbo inapita ndani, upepo unaingia na hii pua unapita nje. Inapoa."

"Na maji?"

"Maji ni ya nje tu. Haiingii kwa injini hata tone. Inalowesha mapezi, upepo unaikausha, na ikikauka inaondoka na joto. Ile mitungi ya udongo ya zamani, ilikuwa inatoka jasho maji ya ndani inakuwa baridi. Ni hiyo hiyo."

Akaingia ndani akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kisha pampu ikalia, kale kasauti kembamba, na bhajia nikairudisha kwenye karatasi. Vitundu viwili vilikuwa vimeziba kwa vumbi. Akavizibua kwa sindano ya kushonea.

"Lakini sikiza, mama. Bila upepo, maji hii haina kazi. Gari ikisimama, unaosha barabara tu. Usiiguse kwa jam. Ngoja mlima, bonyeza kabla hujakanyaga mafuta. Na hii imebaki kidogo, wacha nijaze ya betri, safi kabisa."

Nikamshika mkono. "Usiongeze kitu."

"Maji ni maji, mama."

"Haya si maji ya mtu yeyote tu, Mzee Harjit."

Akanitazama, akafunga kifuniko pole pole. Akauliza kama aihamishe swichi ije upande wa dereva, ni kazi ndogo. Nikakataa hiyo pia.

"Mbona wewe mgumu hivi?"

"Nilifundishwa na mume."

Akacheka mpaka akatoa miwani kuipangusa, akaendelea kuipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Westlands, penye moto usiokuwapo

Foleni ilinikamata kabla sijafika Westlands, pale chini ya barabara ya juu, na ikakataa kuniachia. Jua la Januari mnalijua. Magari yamebanana, wauza maji na njugu wanapita katikati, na mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtahiniwa. Tulikuwa tunasogea hatua, tunasimama. Kila nikikanyaga mafuta gari linavuta kivivu, zito, si lile nililolijua. Nikaanza kuingiwa na hofu. Likizimika hapa, Maitu atakaa kwenye kiti chake pale uani mpaka giza, na kesho anabebwa Nakuru bila kusikia chochote.

Mzee Harjit alikuwa amesema nisiguse swichi kwenye foleni. Nilijua. Lakini hofu haina masikio. Nikajinyoosha juu ya kiti cha kushoto mpaka mkanda ukanikaba shingo, nikabonyeza, nikashikilia.

Wee! Ukungu ukapanda kutoka ile pua ya boneti, maji yakachuruzika chini ya gari, na kijana wa bodaboda aliyekuwa pembeni yangu akaruka na pikipiki yake.

"Madhe! Gari inawaka! Toka!"

Kulikuwa na kituo cha petroli papo hapo. Mhudumu mmoja akaja mbio na ndoo ya mchanga, mwenzake nyuma na mtungi wa kuzimia moto, na watu wameshatoa simu kupiga picha. Nilitoka nikasimama mbele ya boneti na mikono nimeipanua.

"Thubutu! Mchanga huo usimwage hapa!"

"Mama, si unaona moshi?"

"Si moshi, ni maji!"

"Maji gani inatoa moshi?"

"Maji ya kupoza hewa!"

Yule wa ndoo akamtazama mwenzake. "Hewa inapozwa na maji? Huyu amechanganyikiwa na joto, mpe kiti."

Basi nikaanza kumweleza hayo ya pampu ya baisikeli na mtungi wa udongo, katikati ya barabara, honi zikilia nyuma yangu. Akainama, akapitisha kidole kwenye maji chini ya gari, akakinusa. Akainuka akacheka kicheko cha kutoka tumboni, na wote wakacheka, hata mimi.

"Kwa hivyo gari yako inaoga," akasema. "Na mimi sijaoga toka jana, stima ilipotea, bomba likakauka."

Nikarudi ndani bado nacheka, nikageukia kushoto nimwambie Kariuki, umesikia alivyosema huyu? Mkanda wa kile kiti ulikuwa umelala kando ya mlango, umenyooka vizuri. Kicheko kilinitoka chote. Wale watu mia walionizunguka sasa hivi, kila mmoja amesharudi kwenye shughuli zake, na hakuna hata mmoja ambaye jioni ningeweza kumsimulia kichekesho kile.

Lavington, kwenye lango la watu

Mbele, kuelekea Kangemi, lori lilikuwa limelala kifudifudi barabarani, na polisi wakatugeuza sote kushoto tuzungukie Lavington. Wenzangu walijua njia. Mimi nilifuata gari jeupe mbele yangu nikidhani nalo linakwenda Limuru, kumbe linakwenda kwao. Lango likafunguka, likaingia, lango likafungwa, nami nikabaki kwenye barabara yenye ukuta kushoto na ukuta kulia, na maua yanayoning'inia juu ya seng'enge. Hakuna mtu. Hakuna hata kibanda cha kumuuliza mtu njia. Mnaweza kufa kiu kule huku mnasikia maji yanamwagilia nyasi.

Nikaegesha kando ya lango moja ili gari lipumzike. Nikafungua buti kuangalia maji. Nilikuwa nimeyapunguza kwa ujinga wangu wa Westlands, yamebaki kidogo chini kabisa. Askari wa lango akachungulia kidirishani, kisha akatoka. Mtu mzima, sweta ya kampuni imemvaa vibaya, jina lake Wekesa.

"Habari mama. Unatafuta nani?"

"Natafuta njia ya kutokea. Na choo, kama una utu."

Akacheka akanielekeza choo cha wafanyakazi kando ya lango. Wenye nyumba, akasema, wamesafiri.

Niliporudi nikamkuta ameshika mpira wa kumwagilia maua, anafunga kifuniko cha tangi langu.

"Nimekujazia mpaka juu, mama. Nimeona ilikuwa karibu kuisha. Sasa uko poa mpaka Nakuru."

"Umeweka nini?"

"Maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya borehole, kile kisima cha hapa. Safi kabisa, sisi hunywa hii."

Jamani, nilipiga kelele. Sijui kama nimewahi kumpigia mtu kelele namna ile. Nilimwambia nani alikutuma, nani alikwambia uguse kitu cha watu, mkono wako haujui kukaa? Mbwa walianza kubweka nyumba ya pili na ya tatu. Wekesa aliuweka mpira chini, akafunga bomba.

"Pole, mama. Nilidhani nasaidia."

Ningeondoka. Lakini niliketi pale kwenye ukingo wa barabara nikalia, na katikati ya kulia nikamwambia yote: Kariuki, swichi, Jumapili, maji ya mvua, na mama mkwe anayengoja. Aliketi upande wa pili wa lango akanisikiliza. Nilipomaliza akaingia kibandani kwake akarudi na githeri kwenye bakuli la plastiki na vijiko viwili.

"Kula kwanza. Mlima si wa mtu ana njaa."

Tukala. Mahindi yalikuwa magumu, chumvi imezidi, na sikumbuki lini nimeona chakula kitamu hivyo.

"Lakini mama," akasema baadaye, "ile yake si sijaimwaga? Bado iko huko ndani. Ni vile tu imepata kampani."

Sikujua nimzabe kofi au nicheke. Nikamtazama nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. "Mimi hapa," akasema, "kutoka asubuhi mpaka jioni naongea na hii maua. Wewe ndio mtu wa kwanza leo amenijibu. Hata kama ni matusi."

Nikamwomba msamaha. Akasema yameisha. Akanichorea njia kwa kidole mchangani, kushoto, kulia, kushoto, halafu barabara kubwa.

Uthiru kwenda juu

Barabara ilikuwa imefunguka. Baada ya Uthiru magari yalipungua, nikateremsha dirisha, upepo ukaingia, na kwa mara ya kwanza siku ile gari likaanza kuvuta kama lilivyokuwa likivuta zamani. Nilikuwa nimeelewa sasa. Upepo ulikuwa unaingia kwenye pua unapita kwenye mapezi, na homa imeshuka. Kila mlima ulipokuja nilijinyoosha kushoto, nikabonyeza, nikarudi, nikakanyaga. Bega liliniuma. Chumvi ya kisima haiwezi kuziba vitundu kwa siku moja, hilo Kariuki aliwahi kuniambia, na nilijiapia kuliosha tangi nikirudi. Lakini kila nilipobonyeza nilifikiria maneno ya Wekesa, kwamba katika kila tone la kisima mna tone la mvua lililoingiliana nalo, na hakuna wa kuyatenganisha.

Nitawaambia ukweli, mlima mmoja baada ya mwingine niliupanda kimya. Kubonyeza niliweza. Kuita sikuweza. Ukiita ni lazima pawe na mtu.

Karibu na Limuru baridi ikaanza. Nikanunua mkate dukani, kwa maana mtu haendi kwa mama mkwe mikono mitupu hata kama ameombwa gari tu. Mwenye duka alitoka mpaka nje. "Hii si ya Kariuki?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akanishika bega.

Kona ya mwisho

Kwa Maitu unaacha lami, unaingia barabara ya udongo kati ya mashamba ya majani chai, unashuka mpaka kwenye kijito, halafu kuna mlima mmoja mfupi wenye kona mbaya katikati. Ukifika juu, lango lake liko papo hapo. Kila Jumapili Maitu alikuwa akisikia mngurumo kule kijitoni, anaweka sufuria ya chai motoni, na tukishuka kwenye gari inakuwa inafoka.

Nilisimama kule chini. Injini inanguruma, madirisha wazi, jua limelala upande wa chai. Nikatazama ile kona. Kariuki huwa anaita hapa, kwa nguvu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ni kwao.

Nikatia gia. Gari likaanza kupanda. Na kabla sijajua ninalofanya, mdomo wangu ukafunguka nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote:

"Maji!"

Kiti cha kushoto kikakaa kimya. Nikangoja, ndiyo, niliungoja ule upuuzi, muda wa kupepesa jicho. Kisha nikajinyoosha nikabonyeza mwenyewe, pampu ikalia, nikakanyaga mafuta, na gari likaishika ile kona likinguruma hata ndege wakatoka kwenye majani ya chai. Nililia mpaka juu. Nilikuwa sioni lango vizuri.

Maitu alikuwa amesimama nje ya lango na fimbo yake, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Nilizima. Akaja akipapasa hewani mpaka mkono wake ukafika kwenye boneti, ukapanda mpaka kwenye ile pua iliyolowa. Akaushika unyevu ule kati ya vidole.

"Imepanda vizuri," akasema. "Imepanda kama yake."

"Nimekuja nalo, Maitu."

"Nilisikia ukiita."

Nikaona haya. "Ni mazoea tu. Nilikuwa peke yangu."

"Najua ulikuwa peke yako. Yeye alikuwa anaita, wewe unajibu. Jumapili zote nimesimama hapa nikiwasikia. Leo umeita wewe."

"Na hakukuwa na wa kujibu, Maitu."

Akageuza uso wake upande wangu, yale macho yasiyoona, akakasirika kabisa, kama mtu aliyesingiziwa.

"Hakukuwa na wa kujibu? Na mimi nilikuwa nafanya nini hapa? Nilijibu! Nilisema yanakuja, nikasema tena, mpaka jirani akatoka nje kuuliza kuna nini. Ni hii injini yenu tu, ina kelele, haikukuacha usikie."

Kisha akanishika mkono akanivuta ndani, maana chai ilikuwa inamwagikia moto.